Joto linalopotea ndilo linalokausha faida ya viwanda vya karatasi

KIWANDA cha karatasi cha Webuye kilipofungwa Januari 2009, baada ya kukatiwa umeme kwa sababu ya deni, mjadala uliofuata ulihusu siasa, usimamizi mbovu na hatima ya wafanyakazi. Ni watu wachache waliouliza swali la kihandisi lililokuwa wazi tangu mwanzo: je, kila tani ya karatasi iliyotoka katika kiwanda hicho ilikula joto kiasi gani, na ni kiasi gani cha joto hilo kilichopaa angani bila kukausha chochote?

Swali hilo bado lina uzito. Kiwanda hicho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Birla ya India na shirika la IFC la Benki ya Dunia, kiliuzwa mwaka wa 2016 kwa kampuni ya Rai kwa Sh900 milioni. Mnunuzi alipata majengo, mashine na ardhi. Lakini alirithi pia hesabu iliyowashinda waliomtangulia, yaani bei ya kuondoa maji katika karatasi.

Miezi michache kabla ya kufungwa kwa kiwanda hicho, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda hadi kufikia dola 147 kwa pipa mnamo Julai 2008. Kwa mwenye duka, bei hiyo ilimaanisha nauli ghali. Kwa mwenye boila inayochoma mafuta mazito usiku na mchana, ilikuwa hukumu. Hali kama hiyo ilijirudia ng'ambo mwaka wa 2022 wakati vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, na baadhi ya viwanda vya karatasi nchini Italia vikalazimika kusimamisha mitambo mwezi Machi kwa kuwa kuzalisha kulikuwa hasara kuliko kukaa bure. Wateja wao hawakuwa wametoweka, wala karatasi haikuwa imekosa soko. Kilichokosekana ni joto la bei nafuu.

Ili kuelewa ni kwa nini sekta hii hutikiswa upesi na bei ya nishati, yafaa kufuatilia safari ya maji ndani ya mashine.

Karatasi huanza ikiwa rojo jepesi mno. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko unaomwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, nyuzi za mbao au za karatasi kuukuu huwa kilo moja tu, pengine nusu kilo. Kilo 99 zilizobaki ni maji. Wavu huo, kwa msaada wa pampu za kufyonza, huondoa maji mengi kabisa na kuacha utando laini wenye nyuzi asilimia 20 hivi. Utando huo hupita kati ya rola nzito zinazoukamua hadi nyuzi zifike asilimia 40 au zaidi kidogo. Baada ya hapo hakuna maji zaidi yanayoweza kukamuliwa, na ndipo utando huingizwa katika sehemu ya kukaushia. Hapo huzungushwa juu ya silinda kubwa za chuma zilizojazwa mvuke, ambazo katika mashine kubwa huwa kati ya 40 na 70, hadi utoke ukiwa na unyevu wa asilimia 7 au 8.

Hapa ndipo penye kitendawili cha biashara nzima. Kwa kila kilo moja ya nyuzi, mashine huanza na takriban kilo 99 za maji. Wavu huondoa kilo 95 kwa gharama ndogo. Rola hukamua kilo mbili na nusu. Silinda za mvuke huondoa kilo moja na nusu hivi, ambayo ni kama asilimia moja na nusu ya maji yote. Ilhali sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokula kiasi kikubwa kabisa cha mvuke wa kiwanda.

Sababu yake imo katika tabia ya maji yenyewe. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi. Kuyageuza maji hayo hayo kuwa mvuke, bila kuyaongezea joto hata nukta moja, huhitaji kilojuli 2,257, takriban mara saba zaidi. Maumbile hayana punguzo kwa hilo. Mhandisi anaweza tu kupunguza maji yanayofika kwenye silinda, au kuhakikisha kwamba joto analolilipia linaingia katika karatasi na si kwingineko.

Kila mama anayefua anaijua kanuni ya kwanza kati ya hizo mbili. Blanketi lililokamuliwa vizuri hukauka mapema kuliko lile lililotundikwa likichuruzika. Tofauti ni kwamba jua halimtozi mfuaji ada, ilhali kiwanda hutozwa kwa kila tone.

Hesabu yenyewe inastaajabisha. Utando ukitoka kwenye rola ukiwa na nyuzi asilimia 40, kila tani ya karatasi iliyo tayari itahitaji kuondolewa takriban kilo 1,325 za maji kwa mvuke. Rola zikiboreshwa ili utando utoke na nyuzi asilimia 45, kiasi hicho hushuka hadi kilo 1,067 hivi. Ukifika asilimia 50, hushuka hadi kilo 860. Kwa maneno mengine, kuongeza ukavu kwa pointi tano tu kutoka 40 hupunguza mzigo wa silinda kwa takriban moja kwa tano, na pointi kumi hupunguza zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu wataalamu wa sekta hii wamezoea kusema kuwa kila pointi moja ya ukavu inayopatikana kwenye rola huokoa karibu asilimia nne ya mvuke.

Tafsiri hiyo katika mafuta haihitaji tarakilishi kubwa. Kilo moja ya mafuta mazito ina nishati ya karibu megajuli 40, na boila ya kawaida hufikisha kama asilimia 80 yake kwenye mvuke. Maji kilo 258 yaliyookolewa kwa kutoka asilimia 40 hadi 45 ni sawa na kilo 18 za mafuta kwa kila tani ya karatasi. Kiwanda kinachozalisha tani 100 kwa siku kitaepuka kuchoma karibu tani mbili za mafuta kila siku, na hapo hesabu haijagusa joto jingine linalopotea njiani.

Teknolojia ya kufikia viwango hivyo si ngeni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kumekuwa na rola za aina ya kiatu, ambapo badala ya rola mbili za duara kugusana kwa mstari mwembamba, moja yake huwa na kipande kilichopinda kinachokumbatia nyingine. Utando hukandamizwa kwa muda mrefu zaidi bila kupondwa, na maji yana nafasi ya kutoka. Viwanda vya makaratasi mazito ya maboksi vilikuwa vya kwanza kunufaika, kisha vya karatasi za kuandikia vikafuata.

Tatizo ni bei. Rola ya kiatu si kipuri cha kununuliwa mwisho wa mwezi. Ni mradi wa mtaji mkubwa unaohitaji misingi mipya ya saruji, mota mpya na majuma kadhaa ya mashine kusimama. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024, na mikopo ya benki za biashara huwa juu ya hapo. Ingawa riba hiyo ya msingi imeshushwa tangu wakati huo, mwekezaji aliyeona kipindi hicho hawezi kulaumiwa akisita kuweka fedha katika mtambo utakaojilipa baada ya miaka mingi. Hata hivyo, kisingizio cha mtaji kimetumiwa kupita kiasi. Mengi yanayoweza kufanywa katika sehemu ya kukaushia hayahitaji mkopo wowote.

MAJI NDANI YA SILINDA

Mojawapo ya mambo hayo limefichika ndani ya silinda zenyewe. Mvuke unapoipa karatasi joto lake, hugeuka kuwa maji tena, na maji hayo hubaki ndani. Silinda ikizunguka polepole, hukusanyika chini kama maji katika mtungi uliolazwa. Silinda ikiongezwa kasi, hufika wakati maji yote hunata kwenye ukuta wa ndani na kuzunguka nao kama pete. Kuanzia hapo, joto la mvuke hulazimika kupenya pete hiyo kabla ya kukifikia chuma.

Maji yaliyotulia ni kizuizi kibaya cha joto. Tabaka la milimita moja tu huzuia joto kiasi kinachozidi kile ambacho chuma cha unene wa sentimita tano kingezuia. Mhudumu wa mashine huona karatasi ikitoka na unyevu, naye huongeza shinikizo la mvuke. Boila huchoma mafuta zaidi. Karatasi hukauka na kila mtu huridhika, isipokuwa mhasibu. Chanzo cha ugonjwa, ambacho ni bomba la kunyonya maji lililolika au lililosogea mbali na ukuta wa silinda, hakiguswi.

Tiba yake inajulikana: mabomba ya kunyonya yapimwe na kurekebishwa kila mashine inaposimama kwa matengenezo, na kwa mashine za kasi, ndani ya silinda ziwekwe vyuma vyembamba vinavyovuruga pete ya maji ili joto lipite. Hali kadhalika hewa. Hewa ikichanganyika na mvuke ndani ya silinda hushusha joto na kusababisha upande mmoja wa karatasi kukauka kuliko mwingine. Kuna viwanda vinavyokimbilia kununua silinda za ziada wakati ambapo zile zilizopo hazifanyi kazi hata nusu ya uwezo wake.

Jambo la pili ni maji yenyewe yanapotoka. Maji hayo ni safi, yamekwisha kutibiwa kwa kemikali, na yana nyuzijoto 90 au zaidi. Kuyamwaga mferejini na kuvuta maji ya mto yenye nyuzijoto 20 ni sawa na kumwaga supu na kuchemsha maji mapya. Boila inayopokea maji ya nyuzijoto 90 badala ya 20 huhitaji takriban asilimia 11 pungufu ya nishati kuzalisha mvuke ule ule. Kanuni ya mafundi wa boila ni kwamba kila nyuzijoto sita zinazoongezwa kwenye maji yanayoingia huokoa asilimia moja ya kuni, makaa au mafuta. Mabomba ya kuyarudisha, tangi lililofunikwa na pampu, basi.

Kisha kuna mivujo. Tundu la milimita tatu katika bomba lenye shinikizo la bari saba hupitisha takriban kilo 25 za mvuke kwa saa. Kwa mwaka wa kazi wa saa 8,000, hizo ni tani 200 za mvuke, sawa na tani zipatazo 16 za mafuta mazito. Na hilo ni tundu moja ambalo hupiga mluzi likasikika. Hatari zaidi ni zile vali ndogo zilizowekwa kwenye mabomba ili kuruhusu maji kutoka na kuuzuia mvuke. Zikiharibika zikiwa wazi, mvuke mzima hupita kimya kimya hadi kwenye tangi na kutokea paani. Wingu jeupe linalofuka juu ya kiwanda huwafurahisha wapita njia wanaodhani ni dalili ya kazi kuendelea. Mara nyingi ni dalili ya fedha kuondoka.

(Wakazi wa Webuye waliolalamika kwa miaka mingi kuhusu harufu mbaya na mabati yaliyoshika kutu hawakuwa wakizungumzia wingu hilo. Malalamishi yao yalihusu gesi zenye salfa, ambazo hutokana na kupika mbao kwa kemikali. Mambo haya mawili yamechanganywa mno, hata ikaonekana kana kwamba kuokoa joto na kulinda afya ni kazi moja. Kiwanda kinaweza kuwa hodari wa kuokoa mvuke na bado kikawa jirani mbaya.)

HEWA NAYO INA GHARAMA

Maji yakishageuka mvuke juu ya karatasi, lazima yaondolewe, la sivyo yatarudi pale pale. Kazi hiyo hufanywa na hewa. Katika mashine za zamani, silinda zilifunikwa kwa paa tu, pande zikiwa wazi, na feni kubwa zikavuta hewa yote ya jengo. Wafanyakazi waliovuja jasho katika majengo ya aina hiyo wanaikumbuka hali hiyo bila kuhitaji somo la fizikia.

Kasoro ya mfumo huo ni kwamba hewa hutupwa nje kabla ya kushiba. Ikiwa kila kilo ya hewa inabeba gramu 50 za unyevu, kilo 20 za hewa zitahitajika kubeba kilo moja ya maji, na hewa hiyo yote imepashwa joto kwa gharama ya kiwanda. Banda la kukaushia likifungwa pande zote na kuhifadhiwa joto vizuri, kila kilo ya hewa inaweza kubeba gramu 150 bila matone kuanza kudondoka juu ya karatasi. Kiasi cha hewa hushuka hadi kilo saba hivi. Umeme wa feni hupungua, mvuke wa kupasha hewa hupungua, na hewa inayotoka, kwa kuwa imejaa unyevu na joto, inaweza kupitishwa katika mitambo ya kubadilishana joto ili ipashe hewa mpya inayoingia au maji ya kuoshea mashine.

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zilijifunza hayo kwa kulazimishwa na baridi, kwa kuwa hewa ya nje huko inaweza kuwa chini ya sufuri. Katika maeneo ya joto kama yetu, wamiliki wengi walidhani hapana haja. Fikira hiyo ina makosa. Joto la hewa ya Webuye au Thika hupunguza sehemu ndogo tu ya mzigo. Maji yaliyomo katika karatasi hayajali kiwanda kiko wapi, na kilojuli zinazohitajika kuyageuza mvuke ni zile zile Finland na Bungoma.

Lipo pia kosa ambalo mashine haina hatia nalo. Ni kosa la hofu. Mhudumu anayeogopa kulaumiwa kwa karatasi yenye michirizi ya unyevu huikausha yote kupita kiasi, hadi unyevu wa asilimia nne badala ya saba. Hasara yake ni maradufu. Kwanza, maji ya mwisho yaliyojificha ndani ya nyuzi ndiyo magumu zaidi kuyatoa. Pili, karatasi huuzwa kwa uzani. Tani moja yenye unyevu wa asilimia saba ina kilo 930 za nyuzi. Yenye asilimia nne ina kilo 960. Kiwanda kinakuwa kimempa mteja kilo 30 za nyuzi bure katika kila tani na kulipia mafuta ya kutoa zawadi hiyo. Isitoshe, karatasi iliyokauka mno hujikunja, hukatika na kujaa umeme tuli, na mpiga chapa huirudisha.

Chanzo cha hofu hiyo kwa kawaida kiko nyuma zaidi, kwenye rola zinazokandamiza katikati kuliko kando, au kwenye kitambaa cha kukamulia kilichozibwa na uchafu. Upana wa karatasi ukiwa na unyevu usiolingana, mhudumu hana budi kuikausha yote hadi sehemu yenye maji zaidi itosheke. Kifaa cha kupima unyevu kutoka ukingo hadi ukingo kimekuwapo kwa miongo kadhaa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa mamlaka ya kusimamisha mashine kwa saa moja ili kurekebisha kasoro inayoonyeshwa na kifaa hicho.

Si viwanda vya kupika mbao pekee vinavyohusika. Viwanda vya Nairobi na Thika vinavyosaga karatasi kuukuu hujinadi kama marafiki wa mazingira, na kwa sehemu kubwa wana haki. Havikati miti kwa ajili ya nyuzi na havihitaji matangi ya kupikia mbao. Lakini rojo la karatasi kuukuu nalo ni maji asilimia 99. Likifika kwenye silinda, linadai joto lake lote. Tena, kiwanda kinachopika mbao kwa njia ya salfati huweza kuchoma maji meusi yanayobaki baada ya upishi na kupata mvuke wake humo, ilhali msagaji wa karatasi kuukuu hana maji meusi ya kuchoma. Hutegemea mafuta, kuni, makapi au umeme wa kununua. Kwa sababu hiyo, kwa kila shilingi ya bei ya nishati inayopanda, yeye ndiye huumia kwanza. Watengenezaji wa karatasi za shashi wana mzigo wa ziada, kwa kuwa hukausha kwa silinda moja kubwa ikisaidiwa na hewa ya moto inayopulizwa kwa nguvu, na hewa hiyo isipozungushwa tena hupotea na joto lake.

SHERIA IPO

Kenya haikosi sheria kuhusu jambo hili. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka wa 2012, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2006, zinavitaka viwanda na majengo yanayotumia kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Mwenye kiwanda hutakiwa kutekeleza angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa na mkaguzi kabla ya muhula huo kwisha. Sheria ya Kawi ya 2019 iliunda mamlaka ya EPRA iliyorithi kazi ya iliyokuwa tume ya ERC. Nao Muungano wa Watengenezaji Bidhaa nchini, KAM, una kituo cha ushauri wa nishati kilichoanzishwa mwaka wa 2006 kwa ushirikiano na wizara husika, na hutoa tuzo kwa viwanda vinavyofanya vyema.

Kwa kiwango cha 180,000, hakuna kiwanda cha karatasi cha maana kinachoweza kujificha. Kinu kidogo tu hupita hapo katika majuma machache.

Udhaifu uko katika namna ukaguzi unavyochukuliwa. Mkaguzi huja kwa siku chache, hupima moshi wa boila, huhesabu taa na mota, kisha huandika ripoti. Taa hubadilishwa, kwani ni rahisi na zinaonekana. Silinda za kukaushia, ambazo ndizo zinazokula kiasi kikubwa cha joto, hazikaguliki ipasavyo mashine ikiwa inazunguka, na hakuna meneja anayependa kuisimamisha kwa ajili ya mgeni. Nusu ya uokoaji inayodaiwa na sheria inaweza kutimizwa bila mtu kuifungua silinda hata moja. Kungekuwa na manufaa zaidi iwapo kanuni zingetaka kila kiwanda cha karatasi kieleze takwimu moja tu: kilo za mvuke kwa kila tani ya karatasi iliyouzwa. Takwimu hiyo haiwezi kupambwa kwa taa mpya, na ingewezesha kiwanda cha Thika kulinganishwa na cha Webuye au na kile cha Mgololo, Mufindi, nchini Tanzania.

Wapo watakaosema kuwa jibu ni kuachana na mvuke kabisa. Barani Ulaya kumekuwa na majaribio ya pampu za joto zinazochukua hewa yenye unyevu kutoka bandani na kuinyanyua hadi joto linalofaa kukaushia tena. Mwaka wa 2013 shirikisho la watengenezaji karatasi la Ulaya, Cepi, lilitangaza matokeo ya shindano la kutafuta mbinu za kupunguza utoaji wa kaboni, na baadhi ya mawazo yaliyotolewa yalikuwa ya kutengeneza karatasi kwa maji machache mno au kuikausha kwa mvuke mkali badala ya hewa. Kwa Kenya, ambayo umeme wake mwingi hutoka katika mvuke wa ardhini, maji na upepo, pampu za joto si ndoto ya kubezwa. Ila pampu hizo hutaka banda lililofungwa na hewa iliyoshiba unyevu ili zifanye kazi kwa faida. Kiwanda ambacho banda lake liko wazi na vali zake zinavuja hakina cha kuzipa.

Mjadala huu una upande wa misitu ambao serikali haiwezi kuukwepa. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018 ilivikosesha viwanda vingi mbao kwa miaka mitano, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Katika mabishano hayo yote, miti ilihesabiwa kama malighafi. Ilisahaulika kuwa katika viwanda vilivyokimbia bei ya mafuta, miti huliwa pia na boila.

Turudi kwenye kiwanda cha tani 100 kwa siku, lakini sasa kiwe kinachoma kuni. Kuni zilizokaushwa kiasi hutoa karibu megajuli 12 kwa kilo, na boila ya kuni hufikisha kama theluthi mbili yake kwenye mvuke. Pointi tano za ukavu kwenye rola, zile zile za kutoka 40 hadi 45, ni sawa na takriban tani saba za kuni kwa siku. Kwa mwaka wa siku 330 hizo ni zaidi ya tani 2,300, msitu ambao haukuwa lazima ukatwe na malori ambayo hayakuwa lazima yapite barabarani.

Na kuni zenyewe nazo huwa na maji. Gogo lililokatwa jana linaweza kuwa nusu maji kwa uzani, na likitupwa tanurini, sehemu ya moto wake hutumika kuyachemsha maji yake lenyewe kabla ya kuipa boila chochote. Viwanda vya majani chai vya nyanda za juu vilishalitambua hilo na kujenga vibanda vya kuanikia kuni kwa miezi kadhaa kabla ya kuzitumia. Kiwanda cha karatasi kina bahati zaidi, kwa sababu kina hewa ya moto inayotupwa nje usiku na mchana. Ikipitishwa kwanza kwenye mtambo wa kubadilishana joto ili iache unyevu wake, kisha hewa kavu iliyopashwa ikaelekezwa kwenye kibanda cha kuni, gogo linaweza kukauka kwa joto ambalo tayari limelipiwa. Kazi hiyo inahitaji mabati, feni na bomba pana, na inaweza kuanza kabla ya mkaguzi wa nishati kurudi baada ya miaka mitatu.